Waliopatikana Jumapili

Mtumishi Jeremi alikuja kwenye kilio cha Mama Feza akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa, na kabla hajamaliza kushuka garini nilikuwa nimeshamtambua. Amenenepa. Shingo yake imeungana na kidevu, na manukato yake yalitufikia sisi tuliokaa kwenye mikeka kabla ya mkono wake kutufikia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, laini na yenye unyevu, akanitazama kwa huruma kubwa kama mtu ambaye hajawahi kuniona. Nadhani kweli hakunikumbuka. Watu wa namna yake wanakumbuka waliowapigia makofi tu. Alipopita kwa jirani yangu nilikifuta kiganja kwenye kitenge, nikakinusa, nikakifuta tena. Wimbo wa kilio uliendelea, akina mama wakanisogezea chai, lakini mimi nilikuwa nimesharudi kwenye mwaka ule nilipofanya kazi kwa Ba Mwila, huku nikilala kwenye chumba cha nyuma cha marehemu.

Sitaeleza nilikozaliwa wala wazazi wangu walikuwa akina nani. Inatosha kusema kwamba nilivuka ziwa na wenzangu kutoka ng'ambo ya Kongo, tukakaa kituo cha wakimbizi cha Kenani hadi tukachoka kupanga foleni, na kwamba kabla ya vita nilikuwa nimesomea kompyuta Lubumbashi. Nilikuwa msichana mwenye kichwa kigumu na mdomo mwepesi. Ba Mwila, mtu wa hapa hapa Nchelenge, alikuwa na nyumba ya barafu karibu na mahali mitumbwi inapotia nanga, akiwauzia wachuuzi wanaopeleka samaki Mansa. Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na chumba kimoja kisicho na dirisha, na ndani yake aliweka seva, yaani kompyuta moja kubwa isiyozimwa, inayotunza kurasa za watu za mtandaoni na kuzifungua kila mtu anapoziomba kwenye simu yake. Alihitaji mtu wa kuilinda. Aliniuliza kama najua kazi, nikasema najua, na kesho yake nikaanza.

Kile chumba sikisahau. Maji ya barafu yaliyochanganyika na damu ya samaki yalipita chini ya mlango yakielekea kwenye mtaro, na kila aliyeingia aliyaruka kwa hatua moja ndefu, kama vile wote tulikuwa tumekubaliana kwamba hayapo. Nzi walilala kwenye nyaya. Ukutani Ba Mwila alikuwa amebandika picha za wazungu waliowahi kumtembelea, na katika kila picha alikuwa amesimama mbele ya seva, mkono juu yake, kama mtu anayejivunia ng'ombe. Waliokuja walikuja kwa sababu ya ukurasa mmoja tu. Zilikuwepo kurasa nyingine, ya hoteli ya ufukweni, ya shule, ya chama cha wanunuzi wa samaki, ya kanisa la Mtumishi Jeremi, lakini uliopigiwa picha ni ule wa kutafutana. Pale watu waliopotezana wakati wa kuvuka waliandika jina la aliyepotea, alama za mwili wake, kijiji, na namba ya kupigiwa. Mtu wa ng'ambo akiandika jina lake mwenyewe, anaona ni nani anayemtafuta. Na ilikuwepo sehemu ya kubonyeza iliyoandikwa "Amepatikana". Ukiibonyeza, jina linaondoka kwenye macho ya wanaotafuta na kuongezwa kwenye hesabu ya waliopatikana, na hesabu hiyo ilikaa juu kabisa ya ukurasa kwa maandishi ya kijani. Ba Mwila aliipenda hesabu ile kuliko kitu chochote ndani ya chumba.

Mama Feza aliwapikia wachuuzi bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo, kwenye banda lililoegemea nyumba yake. Jiko lake ndilo mahali pekee mwaka ule ambapo pua yangu ilipumzika. Alikuwa mtu wa Moba, kule Kongo, mfupi, mwenye mikono mikubwa, na alisonga bukari akiwa amekaa, sufuria kati ya miguu, bila kutazama. Usiku wa kuvuka, binti yake Feza alipandishwa mtumbwi mwingine, na mtumbwi ule ulirudi nyuma. Hilo tu ndilo alilolijua. Jioni yangu ya kwanza pale aliniomba nimwandike Feza kwenye ukurasa. Alichambua sombe huku akinisomea mtoto wake polepole: kovu kwenye goti la kushoto, alianguka kwenye mtumbwi akiwa mdogo; pengo la jino la mbele; akiogopa, anacheka. Hilo la mwisho nilimwambia si alama ya mwili. Akasema niandike tu, aliyemwona atajua.

Ukurasa ulikuwa mzito. Watu wa ng'ambo wenye bando dogo walipiga simu kulalamika kwamba wanasubiri mpaka megabaiti zinakwisha na hawajaona hata jina moja. Baadaye hata watu wa hoteli wakaanza kupiga, na hapo Ba Mwila akasikia. Dawa yake ya kwanza kwa kila ugonjwa ilikuwa kuzima na kuwasha. Ya pili ilikuwa kulaumu mnara wa simu. Ya tatu ilikuwa kulaumu joto, akaniletea mapande ya barafu kwenye beseni niyaweke chini ya meza, barafu ile ile ya samaki, na mapande yalipoyeyuka nilibaki na beseni la maji ya kijivu yenye magamba. Nikamwomba ruhusa ya kuifungua mashine. Ndani nilikuta vumbi la chisense, vile visamaki vidogo wanavyoanika mchangani pale nje, limeganda kwenye feni kama ugali wa jana. Mende walikuwa wamejenga. Panya alikuwa amekojoa kwenye kona na mkojo ulikuwa umeula ubao wa taa. Nilisafisha kwa brashi ya viatu na kitambaa mdomoni, nikatapika mara moja kwenye mtaro, nikarudi. Joto likashuka, feni zikaanza kuzunguka vizuri, na ukurasa ukabaki mzito vilevile.

Kilichonisaidia ni Kenani. Pale kituoni kulikuwa na bomba moja ambalo kila mtu alilisema vibaya: limechoka, halina nguvu, maji hayatoki. Nilipokaa nalo siku nzima niliona maji yanatoka sawasawa. Shida ilikuwa mwanamke mmoja mwenye ndoo nyingi kuliko wote, aliyemaliza kuchota akarudi papo hapo mkiani, na watoto wake nao wamejipanga. Seva inakuonyesha jambo hilo hilo. Kuna namba inayokuambia ni kazi ngapi ziko kwenye foleni zikingoja zamu, na ukitazama chini ya namba hiyo unaona kila kazi na mwenye kazi, kwa sababu kila mpangaji, yaani kila mwenye ukurasa, ana jina lake kwenye mashine. Namba ilikuwa juu sana. Kwa muda mrefu niliamini foleni ni ya watu wetu, wakimbizi wanaotafutana, na nilikuwa nimeshaanza kuwaonea huruma na kuwakasirikia kwa pamoja. Ndipo asubuhi moja nikakaa chini na kutazama majina badala ya namba.

Wakimbizi walikuwa wachache. Walikuja mmojammoja, wakachota kidogo, wakaondoka. Foleni yote iliyobaki ilikuwa ya mpangaji mmoja, kanisa la Mtumishi Jeremi. Ndani ya sehemu ya kanisa kwenye seva kulikuwa na programu ndogo iliyovuka kwenda kwenye ukurasa wa kutafutana, ikasoma kila jina tangu la kwanza hadi la mwisho, kila kovu, kila pengo, ikarudi na mzigo, halafu kabla hata ya kupumzika ikaanza upya. Ilifanya hivyo mchana kutwa. Mtu mwenye bando dogo kule Kilwa, ng'ambo ya ziwa, aliyeuliza jina moja alilazimika kusubiri hadi Mtumishi amalize kusoma wote.

Nilikaa nikiitazama, na polepole nikaanza kukumbuka Jumapili. Kanisa la Mtumishi lilikuwa turubai kubwa karibu na barabara, na watu walikuja kutoka makambini, na wengine kwa mashua kutoka Chisenga, kwa sababu alikuwa akiona. Alifumba macho akaita jina la mtu aliyepotea, akataja kovu lake, akasema yuko hai au amelala, na mwenye mtu wake alipiga kelele na kwenda mbele. Pale mbele aliambiwa atoe simu na kubonyeza "Amepatikana" mbele ya wote, kwa sababu, alisema Mtumishi, aliyeonwa na Mungu hatafutwi tena, na anayeendelea kumtafuta anamwita Mungu mwongo. Mama Feza alikuwa ameitwa majuma machache kabla. Feza yuko hai, aliambiwa, anakula, analala chini ya bati. Mama akabonyeza. Alirudi nyumbani akiimba, akanikaangia samaki mzima wa aina ya pale, ambaye kwa kawaida aliwawekea wachuuzi, akaketi kunitazama nikila. Mimi nilimfurahia. Nilijiambia kwamba imani ni ya mwenyewe, nikala samaki. Sasa nilikuwa nimekaa mbele ya kioo na kuona jinsi yule mtu alivyolijua lile goti, na kinyaa kilichonishika hakikuwa cha panya wala mende. Hao walau walikuwa na njaa.

Nilimwita Ba Mwila. Nilidhani atashtuka. Nilimwonyesha foleni na jina la mwenye foleni, nikamwuliza hii kazi ni ya nani.

"Ile ni ya Mutumishi, mukwai," akasema. "Nilimutengenezea miye mwenyewe. Mutu wa Mungu anaombea batu. Ataombea namna gani kama hajue majina yabo?"

Nikamwambia kwamba Mtumishi anasema ni Mungu ndiye anayemwonyesha.

"Na hii akili yangu, nani alinipatia?" Akacheka, akanigusa bega. "Mungu anapitaka fasi anataka, Odette."

Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nasikia ladha ya chuma mdomoni. Aliuliza kama kweli tumeshajua kinacholemea mashine, nikasema ndiyo, akasema vizuri sana, basi tutibu. Akakaa kwenye kiti changu na kuubana ukurasa wa kutafutana, akaupa sehemu ndogo ya mashine kama mtoto wa kambo anayepewa ukoko, ili hoteli na shule na Mtumishi wapumue. Watu wa hoteli ndio wanaompigia simu, alisema. Hao wa kutafutana watakwenda wapi. Ile namba ya foleni ikashuka. Akasimama, akafurahi, akaniagizia soda. Nilisoma Lubumbashi kwamba seva ikilemewa unatafuta chanzo na kukiondoa. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba unaweza kukipata chanzo, ukakishika mkono na kukipisha mbele.

Nilimwambia Mama Feza jioni ile ile, jikoni, bila kupamba. Hakuacha kusonga. Nikamwambia lile kovu la Feza hakuna aliyelijua ila mimi na yeye, kwa sababu ni mimi niliyeliandika, hapa hapa, yeye akichambua sombe. Mwiko ukazunguka sufuria. Akaniuliza kama nina hakika kwamba Mungu hawezi kusoma pale pale nilipoandika. Nikaanza kumweleza habari ya programu, foleni na bomba la Kenani, akaninyanyulia mkono.

"Tangu siku ile minalalaka," akasema. "Mbele ya pale sikukuwa nalala. Sasa wewe unakuja na foleni yako."

Siku zilizofuata hatukuzungumza zaidi ya salamu. Nilikula chakula chake nikitazama sahani. Nilimsikia kupitia ukuta wa udongo akigeuka kitandani, akigeuka tena, na nikajua kwamba usingizi ule nimeuharibu hata kama ameninyima jibu. Nilimchukia Mtumishi, nilimchukia Ba Mwila, na zipo asubuhi nilizomchukia hata yeye kwa kutaka kudanganywa. Kisha siku ya Alhamisi, wachuuzi walipokwisha kula na kuondoka, alinisogezea kigoda.

"Andika Kalenga," akasema.

Kalenga alikuwa mbwa wake. Alipewa na jirani wa jina hilo kule Moba, na mbwa akabaki na jina la aliyemtoa. Mbwa huyo alikufa kwa uzee kabla ya vita na akazikwa nyuma ya jiko. Mama alinisomea mbwa wake kama alivyonisomea binti yake, kwa sauti ile ile: sikio la kushoto limepasuka, anachechemea mguu wa nyuma. Nikamwambia tusiseme wa nyuma, mtu hana mguu wa nyuma. Akafikiri, akakubali. Akisikia radi anakimbilia jikoni. Niliandika yote, na tulipomaliza tulitazamana, na nadhani tungecheka kama lisingekuwa jambo la kutapisha.

Jumapili tulikwenda wote wawili. Mbele yetu alikaa Papa Lwamba, mzee aliyeuza makaa na ambaye kila alipomletea Mama gunia alisimulia habari za mjukuu wake, Ilunga, aliyempoteza ufukweni upande wa pili. Ilunga alikuwa kwenye ukurasa tangu siku ya kwanza na Mtumishi hakuwahi kumwita. Papa Lwamba alikuja kila Jumapili amevaa koti lile lile na kukaa ukingoni mwa benchi, ili asichelewe kusimama. Mtumishi alihubiri sana. Alitoa jasho, akapewa taulo, akapewa maji, akalia kidogo. Hatimaye akafumba macho na turubai lote likanyamaza.

"Kuna mutu hapa anatafuta Kalenga," akasema. "Sikio ya kushoto ilipasuka. Anachechemea. Akisikia radi, anakimbilia mu jiko."

Mama alinishika mkono hadi mifupa ikaniuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa kicheko. Nilichokuwa sijajiandaa nacho ni ukimya uliofuata, kwa sababu bila shaka hakuna aliyesimama, na Mtumishi akasema tena, Kalenga, Kalenga yuko hai, mwenye naye yuko wapi. Nikaona koti la mbele yetu linatetemeka. Papa Lwamba akainuka. Mwanamke aliyekaa karibu naye akamvuta, akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba wake anaitwa Ilunga.

"Pengine balimubadilisha jina mu njia," akasema mzee. "Njo yeye. Alikuwaka anaogopa radi."

Akaenda mbele akilia, na watu wakapiga makofi, na Mtumishi akamkumbatia, na yule aliyempa Mtumishi taulo akamsaidia mzee kuitafuta simu mfukoni na kubonyeza. Nilitaka kusimama na kupiga kelele kwamba ni mbwa. Ningesema vipi, mbele ya uso ule? Mtumishi alikuwa ametega mtego na sisi tulikuwa tumetega wetu juu ya wake, na aliyenaswa ni mzee muuza makaa. Mama aliniinua tukatoka nje tukiwa bado tunasikia makofi. Tulipofika kwenye mlango wa banda akanigeukia.

"Unirudishie Feza pale," akasema.

Jumatatu Ba Mwila alikuwa amesafiri kwenda Mansa kutafuta kifaa cha mashine ya barafu. Niliruka maji ya samaki, nikakaa, na nikafanya kazi niliyoajiriwa kuifanya. Niliizima programu ya Mtumishi. Niliufungulia ukurasa wa kutafutana ulipobanwa. Nilipanga majina kwa namna ambayo mashine inakwenda moja kwa moja kwenye jina linaloulizwa, badala ya kumwaga kapu zima kila mara ili kupata samaki mmoja. Halafu niliwarudisha wote waliobonyezwa wakati wa ibada, Feza akiwa wa kwanza, kwa sababu watu waliopotea hawapatikani Jumapili tu. Ile hesabu ya kijani ikaporomoka hadi nikaona aibu kuitazama. Nikamfuta Kalenga. Foleni ilipotea kabisa. Ukurasa ulifunguka kwenye simu yangu mbovu kabla sijainua kidole, na nilikaa kwenye kile chumba kinachonuka nikiufungua na kuufunga kama mtoto anayechezea taa.

Mama naye alikwenda kwa Papa Lwamba kumwambia ukweli uso kwa uso, kwamba Kalenga ni mbwa, mbwa wake, amezikwa Moba. Alirudi akakaa kwenye kigoda bila kuvua kitambaa cha kichwa. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, aliniambia, akamshukuru kwa kuja, akamwekea makaa kwenye mfuko. Kisha akamjibu kwa upole kwamba huenda Mama amechanganya, kwa sababu Mutumishi haonake imbwa.

Ba Mwila alirudi mwishoni mwa juma na kilichomwuma si programu bali ile hesabu ya kijani, maana kulikuwa na wageni wanaotarajiwa. Alinifukuza kwa maneno machache, mlangoni, huku akiyaruka yale maji. Alimrudishia Mtumishi foleni yake siku ile ile, na ukurasa ukawa mzito tena. Lakini katika zile siku chache ambazo ulikuwa mwepesi, msichana mmoja sokoni Kilwa, mwenye bando dogo la kuazima, aliandika jina lake mwenyewe. Alikuwa amejaribu mara nyingi, na kila mara megabaiti zilikwisha. Mara moja tu ukurasa ulikubali kufunguka, na jina lake halikuwepo, kwa kuwa mama yake alikuwa ameshalibonyeza kwa imani, na Feza akaamini kwamba mama yake amezama. Safari hii ulifunguka, jina lilikuwepo, na goti, na pengo, na lile neno la kucheka. Simu ilipoita Mama alikuwa ana bukari mikononi. Nilimshikia simu sikioni. Hatukusikia neno lolote kutoka upande wa pili, kicheko tu, kicheko kirefu kisichoisha, na Mama akajua.

Kwa hiyo Feza alikuwepo kwenye kilio, amekaa karibu nami mkekani, mwanamke mzima sasa, na kovu limefunikwa na kitenge cheusi. Mtumishi Jeremi alipopewa nafasi ya kusema alimnyoshea mkono. Mnamwona huyu, alisema. Ni mimi niliyemwambia mama yake, enzi zile za machozi, kwamba binti yako yuko hai, anakula, analala chini ya bati. Je, Mungu alisema uongo? Watu wakaitikia kwamba hakusema. Nilimwona anavyojifuta jasho kwa leso iliyonyooshwa, akiwa amejikalia juu ya kifo cha Mama na juu ya kazi ya mikono yangu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia shuka. Mate yalinijaa mdomoni. Nilikuwa natafuta mahali pa kuyatema bila kuwakosea waombolezaji pale Feza aliposimama.

"Mutumishi, na Kalenga?" akauliza kwa heshima zote. "Ule wa sikio ya kupasuka. Eko wapi leo?"

Alikuwa amesimuliwa na mama yake, na alikuwa amelala na mbwa yule jikoni miaka yote ya utoto wake. Watu wa Moba waliokuwepo wakainamisha vichwa; mmoja akakohoa. Mtumishi hakujua anaulizwa nini. Niliona jina likimpita bila kugusa kitu, kama nilivyompita mimi asubuhi. Lakini mtu wa namna yake hakosi jibu. Akafumba macho, akainua uso, akatikisa kichwa taratibu.

"Kalenga iko muzima," akasema. "Minamuona. Iko mu njia, anakuja."

Feza akaketi. Mabega yalikuwa yanamtetemeka, mkono mdomoni, na nilijua kabisa kwamba halii. Mimi pia kilinipanda, kile kicheko kichungu chenye ladha ya nyongo, na tulishikana mikono ili tusijiaibishe mbele ya maiti.

Ndipo kutoka nyuma, kwenye benchi la wazee, nikasikia mtu anasema amina. Alikuwa Papa Lwamba. Macho yamekwisha, miguu imekwisha, wajukuu wa watu walikuwa wamemleta kwa toroli na koti lake lile lile. Akasema amina mara ya pili, kwa nguvu zaidi, akajisogeza kidogo ukingoni mwa benchi, na akapapasa kwa kiganja nafasi aliyoiacha wazi kando yake.